Kuotesha si Kuzidisha

"Njoo umtazame, mwanangu. Anamaliza trei zote na bado analia."

Jirani yangu wa huku Machame alinipigia simu asubuhi moja ya Oktoba, mwisho wa kiangazi, wakati barabara ya kutoka tambarare imejaa pikipiki zilizobeba mabua. Nilimkuta kwenye kibanda alichojenga nyuma ya zizi: nguzo za mbao, neti nyeusi ya kivuli, rafu nne, na trei zimepangwa kuanzia siku ya kwanza hadi ya saba. Akaivuta trei ya siku ya saba, akainua shayiri iliyoota kama mtu anayekunja mkeka. Juu ilikuwa kijani cha kupendeza. Chini mizizi myeupe imesukana hata punje hazionekani, na harufu yake ni ya pombe iliyoanza kuchacha. Akaiweka kwenye mizani: kilo 6 na nusu, kutoka kilo moja ya shayiri.

"Huyu nampa kilo 20 kila siku," akasema, akinionesha ng'ombe wake, chotara wa Friesian ambaye mbavu zilihesabika. "Kilo 20, na maziwa yametoka lita 12 hadi 7."

Muuzaji wa trei alikuwa amemwambia apunguze mabua na aache kabisa pumba na mashudu, kwa sababu majani haya yanatosheleza kila kitu. Akaamini. Fedha za kujenga kibanda alikopa kwenye kikoba.

Mama huyu si mjinga, wala hakuamini peke yake. Alichoambiwa yeye kinasemwa kwenye semina za ufugaji, kwenye maonesho ya Nanenane, kwenye video zinazozunguka simu kwa simu, na siku hizi hata na baadhi ya maafisa ugani: kwamba nafaka ikioteshwa inazidi mara 6 au 7, protini yake inapanda, inaokoa maji na ardhi, na mfugaji mwenye eneo la chumba kimoja anaweza kuacha kununua chakula. Ukame wa 2021 na 2022, ng'ombe walipokuwa wakifa Simanjiro na nyasi zikawa hazipatikani kwa fedha wala kwa kuomba, kauli hii ilipata wasikilizaji wengi zaidi. Nimefuga ng'ombe wa maziwa kwa miaka mingi na nimesomea lishe ya mifugo. Nasema kauli hiyo si kweli, na anayeumia nayo ni yule asiye na cha kupoteza.

Tuanze na mizani, kwa kuwa mizani ndiyo inayotumiwa kushawishi watu. Shayiri kavu kwenye gunia ina maji kidogo tu. Ukiitoa maji yote, kila kilo moja inabaki na gramu 880 hadi 900 za chakula chenyewe. Hiyo ndiyo sehemu kavu, na ndiyo inayomlisha mnyama. Sasa chukua kilo moja ya ule mkeka wa kijani, uchambue, uuanike juu ya bati hadi ukatike kwa kuvunjika, kisha upime tena. Utapata gramu 120 hivi. Kilichobaki kimepaa kuwa mvuke. Kwa hiyo zile kilo 6 na nusu za jirani yangu zilikuwa na chakula kisichozidi gramu 800 hivi, na alianza na zaidi ya hapo. Kilichoongezeka katika siku 7 ni maji aliyoyamwaga yeye mwenyewe kwa mkono wake, asubuhi na jioni.

Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji kula takribani kilo 12 za sehemu kavu kwa siku. Kilo 20 za majani ya trei zinampa kilo 2 na nusu. Akitaka kushiba kwa majani hayo peke yake itabidi ale karibu kilo 100, na mfugaji aloweke kilo 15 za shayiri kila siku ya Mungu. Ndiyo maana yule ng'ombe alikuwa analia. Alikuwa na njaa, na tumbo limejaa maji.

Watu wakifika hapa huniambia: sawa, uzito ni maji, lakini chakula kimeboreka. Mmea umekua, umepata majani, umepata kijani. Inawezekanaje mmea unaokua uwe na chakula pungufu kuliko punje?

Inawezekana, na ndivyo ilivyo. Punje ni akiba ambayo mama mmea amemwekea mtoto wake. Ikilowana, mtoto anaamka na kuanza kuila akiba hiyo: vimeng'enya vinavunja wanga kuwa sukari, sukari inaunguzwa kwa pumzi ya mmea, na sehemu yake inaondoka kama hewa ya ukaa na joto. Weka mkono kwenye trei ya siku ya tatu usiku wa baridi. Utalisikia joto hilo. Ni wanga wa ng'ombe wako unaoungua. Jani linapoanza kuchukua mwanga wa jua na kujitengenezea chakula, siku zimekwisha: linachomoza vizuri kuelekea siku ya tano, tena chini ya neti ya kivuli, na siku ya saba linaingia horini. Halipati muda wa kulipa lilichokula. Sehemu ya wanga uliosalia nayo imegeuzwa nyuzinyuzi za shina na mizizi. Unachovuna kina sehemu kavu pungufu kuliko ulichopanda, na nguvu iliyomo ni pungufu zaidi.

Wanaojua jambo hili kuliko wote ni watengeneza pombe. Bibi zetu wa Kichagga huotesha ulezi kwa ajili ya mbege: wanauloweka, wanaufunika, na ukishatoa kijimkia wanauanika juani haraka. Bibi hakuwahi kuuacha ulezi utoe majani, na mjukuu aliyesahau kuuanika alisikia maneno yake. Viwanda vya bia vinavyonunua shayiri ya West Kilimanjaro vina utaratibu uleule: siku chache za kuotesha, kisha joto la kukausha kabla jani halijachomoza, maana kila siku ya ziada ni sukari inayoliwa na mche badala ya kuingia kwenye pipa. Hata kwa uangalifu wote huo, wanapoteza asilimia kadhaa ya uzito mkavu, na wanaihesabu hasara hiyo kwenye vitabu vyao. Mfugaji anaambiwa afike siku ya saba, na hasara hiyohiyo anaelezwa kuwa ni faida.

Tena kuna uji wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Wengi wa rika langu tuliunywa. Miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa nchi hii waliwahimiza akina mama kutia unga wa kimea kidogo kwenye uji wa mtoto, na walikuwa sahihi kabisa. Watetezi wa trei hupenda kuutumia kama ushahidi, na wengi wanasadiki kwa moyo safi: kama kimea kilinenepesha watoto, kitashindwaje kunenepesha ndama? Lakini kimea hakikuongeza chakula kwenye unga. Kilichofanya ni kuulainisha uji mzito ukawa mwepesi kunyweka, ndipo mama akaweza kutia unga mwingi zaidi kwenye kikombe kilekile bila mtoto kukabwa. Tumbo la mtoto ni dogo, shida ilikuwa nafasi, na kimea kiliipata nafasi kwa kuondoa haja ya maji mengi. Trei zinafanya kinyume chake. Zinachukua chakula kikavu kilichojibana kwenye punje na kukijaza maji mpaka kichukue nafasi mara 6. Tena ng'ombe hahitaji msaada wa kuvunjiwa wanga. Tumbo lake la kwanza limejaa bakteria ambao ndiyo kazi yao, usiku na mchana, na hao hao humtengenezea vitamini nyingi za kundi B bila kudai malipo.

Sasa protini. Hapa ndipo hata wasomi hubabaika, kwa sababu namba haidanganyi ila inasomwa vibaya. Karatasi ya maabara itaonesha shayiri kavu ina protini asilimia 12, na iliyooteshwa asilimia 14 au zaidi. Muuzaji anaipeperusha. Hebu tuihesabu kwa gramu. Chukua gramu 1,000 za shayiri kavu kabisa zenye gramu 120 za protini. Otesha. Wanga umeungua, zimebaki gramu 850. Protini bado ni gramu zilezile 120. Gawa 120 kwa 850: asilimia 14. Asilimia imepanda kwa sababu jumla imepungua, kama ambavyo chumvi ya mchuzi huonekana kuzidi mchuzi ukikauka jikoni. Hakuna aliyetia chumvi. Protini hujengwa kwa naitrojeni, na maji ya bomba hayana naitrojeni ya maana ya kutoa. Aliyeloweka kwa maji matupu hawezi kuvuna protini ambayo hakuiweka, na kama anaweka mbolea kwenye maji, basi ananunua na hiyo mbolea.

Haya si mageni. Mwaka 1939, makabati ya kuoteshea nafaka yalipokuwa yakinadiwa Ulaya kwa maneno yanayofanana sana na tunayoyasikia leo, Isabella Leitch wa Uskoti aliyakusanya majaribio yaliyokuwapo na kuyapima. Mwaka 1985 Peer na Leeson huko Kanada waliipima shayiri siku baada ya siku wakaona sehemu kavu ikishuka kadiri mche unavyokua. Mwaka 2003 Sneath na McIntosh wa Queensland, Australia, waliandika kwa ajili ya wafugaji wa ng'ombe wa nyama kwamba ukihesabu kwa sehemu kavu, nafaka iliyooteshwa inagharimu mara 2 hadi 5 ya nafaka yenyewe. Nchini Iran, Fazaeli na wenzake waliwalisha ndama wa kunenepesha shayiri ya kuotesha. Hawakuongezeka uzito kuwashinda wenzao waliokula chakula cha kawaida, na gharama ya kuwalisha ilikuwa kubwa zaidi. Mabara tofauti, miaka tofauti, jibu linaelekea upande mmoja. Kwa nini jibu hili halifiki Machame wala Githunguri ya Kenya, wakati trei zinafika?

"Lakini mimi maziwa yaliongezeka!" Nimelisikia hili mara nyingi, na sina sababu ya kumwita mtu mwongo. Ng'ombe aliyekuwa anakula mabua matupu, ukimpa trei tatu za shayiri iliyoota, maziwa yataongezeka kweli, kwa sababu umempa takribani kilo 3 za nafaka ambazo hakuwa nazo jana. Swali ni moja: zile kilo 3 ungezipeleka mashineni zikaparazwa ukampa kavu siku hiyohiyo, angetoa maziwa kiasi gani? Mfugaji mmoja mmoja huwa halifanyi jaribio hilo, na muuzaji halipendekezi. Analinganisha shayiri na kutokuwa na shayiri, kisha sifa anaipa trei.

Lipo jambo moja ninalowakubalia hapa. Shayiri nzima, isiyoparazwa, nyingine hupita tumboni na kutoka kwenye kinyesi ilivyoingia. Kuku huifuata kwenye samadi. Kuotesha kunaizuia hasara hiyo. Mashine ya kuparaza inaizuia pia, na kwa kazi ya dakika 5.

Na yapo mengine ya haki. Majani ya trei yana karotini na vitamini E nyingi, ambazo punje kavu inazo kidogo tu, na ng'ombe aliyefungiwa bandani miezi mitatu bila kuona kijani anazihitaji. Nafaka nyingi kavu kwa mpigo inaweza kuleta asidi tumboni, na iliyooteshwa inapunguza hatari hiyo. Kuku waliofungiwa wanafurahia kudonoa kitu kibichi, nami nawapa wangu wachache wakati mwingine. Lakini karotini ya kutosha iko kwenye fungu la matembele au la majani ya lusina. Asidi haimpati ng'ombe anayepewa kilo 2 au 3 za nafaka iliyogawanywa asubuhi na jioni na kusindikizwa na majani. Na kuku wa mayai, anayehitaji karibu gramu 120 za chakula kikavu kwa siku, ukimjaza gole kwa kitu chenye maji zaidi ya asilimia 85 atapunguza mayai tu. Kitu kinachofaa kama kachumbari kimegeuzwa kuwa ugali.

Hesabu ya maji inanikera kuliko zote. Wanasema lita chache tu kwa kila kilo ya majani, ukilinganisha na shamba. Shayiri yenyewe ilitoka wapi? Ilinyeshewa mvua miezi kadhaa, ililimwa kwa trekta, ikawekewa mbolea, ikavunwa, ikasafirishwa. Ekari yake ipo, ila haiko nyuma ya zizi lako. Ukianza kuhesabu kuanzia kwenye ndoo ya kulowekea, umelificha shamba zima.

Kisha kuna lile ambalo linaniondolea usingizi. Nafaka iliyolowana, joto, msongamano, kivuli: hayo ndiyo mazingira ambayo ukungu unayapenda. Nilipomwomba jirani yangu ageuze mkeka wa shayiri juu chini, kulikuwa na madoa ya kijivu kuelekea katikati, pale hewa isipofika. Alikuwa anayakata kwa kisu na kulisha kilichobaki. Upo ukungu uitwao Aspergillus clavatus unaojulikana kwa kuota kwenye nafaka iliyomea; Australia na Afrika Kusini umeua ng'ombe. Mnyama anatetemeka, miguu ya nyuma inakakamaa na kukunjika kwenye vifundo, anaanguka akijaribu kutembea, na tiba hakuna. Sumu haikai kwenye doa peke yake, kwa hiyo kisu hakisaidii. Na wanaokosa shayiri hutumia mahindi, mara nyingi yale yaliyokataliwa kwa ugali kwa sababu yameshaanza kuvunda. Wengine hutumia mtama. Mfugaji yeyote wa Dodoma anajua kwamba machipukizi ya mtama yanaua ng'ombe. Mche mchanga wa mtama unatengeneza sianidi, na kuuotesha kwenye trei hakuuondolei tabia hiyo. Wengine hununua mbegu ya dukani iliyopakwa dawa ya rangi wakidhani ni bora zaidi. Semina inayomfundisha mtu kuotesha bila kumwambia haya imemweka hatarini yeye, ng'ombe wake, na wanaokunywa maziwa yale.

Nikiulizwa tufanye nini basi, sina jipya la kung'arisha. Mabua yakatwe vipande vifupi, yanyunyiziwe maji yenye urea, kilo 4 hadi 5 kwa kila kilo 100 za mabua, yashindiliwe na kufunikwa kwa nailoni wiki 3, yatakuwa chakula tofauti kabisa. Urea ipimwe kweli, maana ikizidi ni sumu. Majani tembo yakatwe yakiwa bado laini, kimo cha mita moja au pungufu, yasisubiriwe hadi yawe miti. Mahindi ya saileji yawekwe kwenye mifuko wakati wa masika, si kutafutwa Septemba. Na kuna kaliandra. Utafiti uliofanywa Embu, Kenya, miaka ya 1990 ulionesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kuchukua nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na kwamba miti 500 hivi, iliyopandwa kwenye mipaka na kingo za matuta, inamtosha ng'ombe mmoja mwaka mzima. Mti huo unavuta naitrojeni hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Hapo protini inaongezeka kweli, kwa gramu, na hakuna anayekuuzia trei. Nadhani ndiyo sababu kaliandra haina video nyingi.

Asubuhi ile tuliibeba shayiri iliyobaki, nusu gunia, hadi mashineni, ikaparazwa. Nilimshauri amwongezee kidogo kidogo hadi kilo 2 na nusu kwa siku, arudishe mashudu ya alizeti na pumba, na mabua ajaze hori bila kupima. Ile mikeka yenye madoa tuliifukia mbali na zizi. Alisimama akiangalia udongo ukiifunika, kijani chote kile, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo.

Siku ya tisa alinipigia tena, jioni safari hii. Ng'ombe ameacha kulia, amelala anacheua, na maziwa yameanza kupanda taratibu. Neti ya kivuli ameihamishia kwenye kitalu cha kaliandra. Mkopo wa kikoba bado anaulipa; yamebaki marejesho manne.